Jinsi ya kufuatilia hela ya mgodi kutoka shimoni hadi zahanati

Mara ya kwanza kusimama mbele ya wanakijiji kuzungumzia uwazi katika madini, nilikuwa na karatasi kumi na nne na maneno ya ofisini. Ilikuwa wilaya ya Bahi, chini ya mbuyu, saa nane mchana, jua lile la Dodoma ambalo hata mbuzi wanalikimbia. Nikasalimia “Mbukwenyi!”, wakaitikia, nikajiona nimeshapokelewa. Nikaanza: “Tasnia ya uziduaji hapa nchini...” Mzee mmoja aliyekaa kwenye mzizi akainua fimbo.

“Binti, uziduaji ndiyo nini?”

Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, ila kwa mzee yule mimi ni binti. Nikamweleza: kuzidua ni kutoa kitu kilichomo ardhini, yaani madini, mafuta, gesi.

“Si ungesema kuchimba. Haya, waliochimba wametoa nini, wamelipa nini, na sisi kimetufikia nini?”

Karatasi zangu kumi na nne hazikuwa na jibu hata la swali moja kati ya hayo matatu. Nimefanya kazi ya uhasibu halmashauri miaka mingi kabla ya kustaafu, najua vitabu, na bado nilikuwa nimekwenda kuwahutubia watu badala ya kuwahesabia. Tangu siku ile kikundi chetu kidogo cha hapa Dodoma kinafuata maswali ya mzee, kwa mpangilio aliouweka yeye. Nayaandika haya kwa ajili ya wenzangu wenye vikundi kama chetu: hamna gari, hamna mwanasheria wa kudumu, ila mna muda na daftari.

Swali liwe dogo

Watu wakisikia “madini” wanakuja na mambo yote kwa mpigo. Bahi na Manyoni, miaka ile ya utafutaji wa urani, niliwahi kukaa kwenye kikao ambacho ndani ya saa moja watu waliuliza kuhusu saratani, mipaka ya mashamba, mpunga wa mbugani, ajira za vijana, na kwa nini wageni wanapita na vipimo usiku. Yote ni ya haki. Kikundi cha watu saba hakiwezi kuyabeba yote, na kikijaribu kinaishia kutoa tamko ambalo halimlazimu mtu yeyote kujibu.

Chagueni moja linalojibika kwa karatasi. “Kampuni hii inatunyonya” halijibiki. “Mwaka wa fedha fulani kampuni hii ililipa ushuru wa huduma kiasi gani kwa halmashauri yetu?” linajibika kwa namba na risiti. Mkilipata hilo, la pili litajileta lenyewe.

Nani anachimba, kwa leseni gani

Kabla ya hela, jina. Kijijini kampuni huitwa kwa rangi ya magari yake au kwa jina la msimamizi, na mimi nimewahi kuandika barua nzima kwa jina la mkandarasi wa kuchoronga miamba nikidhani ndiye mwenye leseni. Nilijibiwa kwa heshima kwamba hawanifahamu.

Tume ya Madini, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Dodoma, ina ramani ya leseni kwenye mtandao. Inafunguka hata kwa simu ukiwa na bando na subira. Nenda eneo lenyewe, washa ramani ya simu, andika namba za mahali uliposimama, kisha linganisha. Utaona jina la mwenye leseni na aina yake. Aina ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Leseni ya utafutaji hairuhusu kuchimba na kuuza, kwa hiyo ukidai mrabaha, yaani asilimia ya thamani ya madini anayolipa mchimbaji kwa Serikali, kwa kampuni iliyo kwenye utafutaji utachekwa. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Watanzania, na huko ndiko waliko wengi wa wachimbaji wetu wa Kanda ya Kati: vito vya Winza kule Mpwapwa, mawe ya kijani ya Haneti, jasi ya Itigi, na kokoto zinazojengea mji huu unaokua kila wiki. Juu yake kuna leseni ya uchimbaji wa kati na leseni ya uchimbaji mkubwa. Hizi mbili ndizo zenye kampuni zenye mahesabu ya kukaguliwa, na kwa kawaida ndizo utakazozikuta kwenye ripoti.

Hela ipi inakwenda wapi

Hapa ndipo mikutano mingi huharibika. Mwananchi anasikia kwenye redio kwamba madini yameingiza mabilioni, anamgeukia mwenyekiti wa kijiji: ziko wapi? Mwenyekiti hajui, anatokwa jasho, mkutano unakuwa wa kumhukumu mtu asiyehusika.

Chora ubaoni, au chini kwenye vumbi kwa kijiti kama nifanyavyo mimi. Tuseme mgodi umeuza dhahabu ya shilingi bilioni 10. Mrabaha wa dhahabu tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 ni asilimia 6, kabla ya hapo ulikuwa 4. Hiyo ni milioni 600. Ada ya ukaguzi asilimia 1, milioni 100. Hizi zote mbili zinakwenda Serikali Kuu. Halmashauri haizioni wala kijiji hakizioni moja kwa moja. Ushuru wa huduma ndio wa halmashauri. Kwa miaka mingi kiwango chake kimekuwa asilimia 0.3 ya mauzo, yaani milioni 30 kwenye mfano wetu. Viwango hivi hubadilishwa na Sheria ya Fedha inayopita kila Juni, na kuna nafuu kwa dhahabu inayosafishwa ndani ya nchi, kwa hiyo tumia kiwango cha mwaka unaoukagua. Usitumie cha mwaka huu kuhukumu hesabu za juzi. Kodi ya mapato ni habari nyingine, inatokana na faida, nayo iko TRA.

Nikifika kwenye ile milioni 30 huwa nanyamaza kidogo. Watu wanaiangalia pale vumbini, wanaangalia ile 600, wananong'ona. Mwacheni kila mtu afanye hesabu yake kichwani.

Kwa wanaodhani kelele za wananchi hazina kazi: kuna wakati kampuni kubwa za dhahabu, kwa mujibu wa mikataba yake, zilikuwa zikilipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka, iwe dhahabu imepanda bei au imeshuka. Kuhamia kwenye asilimia 0.3 ya mauzo kulitokana na miaka ya ubishi, na asasi za kiraia, madiwani na wabunge walikuwemo. Na mwaka 2008 taasisi za dini, yaani CCT ya Waprotestanti, BAKWATA ya Waislamu na TEC ya Wakatoliki, zilisimama pamoja zikatoa ripoti ya jinsi nchi inavyokosa mapato ya dhahabu, wakati Kamati ya Jaji Bomani nayo ikipitia sekta hiyo hiyo. Sheria ya Madini ya 2010 ilipokuja, mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 3 hadi 4, ukaanza kukokotolewa kwenye thamani ghafi badala ya kile kinachobaki baada ya kampuni kutoa gharama zake.

Kusoma ripoti ya TEITI bila kusinzia

Tanzania ilijiunga na mpango wa kimataifa wa uwazi katika uziduaji mwaka 2009, na kwa hapa nchini mpango huo unaitwa TEITI. Mwaka 2015 Bunge likapitisha Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika Tasnia ya Uziduaji, na Kamati ya TEITI ikapata nguvu ya kisheria. Kamati ina wajumbe watano wa Serikali, watano wa kampuni na watano wa asasi za kiraia, na mwenyekiti anayeteuliwa na Rais. Wale watano wa mwisho, wa asasi, ni wa kwetu. Jiulize kama unawafahamu majina yao. Mimi nilikaa kwenye kazi hii karibu miaka miwili kabla ya kuwatafuta, na nilipowapata nilikuta wanasubiri watu wa vijijini wawaletee maswali, kwa sababu wao wanapokea majedwali tu.

Ripoti yenyewe hufanya kazi moja ya msingi: kampuni inasema nimelipa kiasi hiki, Serikali inasema nimepokea kiasi hiki, mtu wa tatu aliye huru analinganisha. Ni usuluhishi wa hesabu, kama ule tunaofanya wahasibu kati ya daftari letu na taarifa ya benki. Usianze ukurasa wa kwanza. Nenda kwenye majedwali ya nyuma, tafuta jina la kampuni ulilolipata kwenye leseni, vuta mstari wake wote. Tafuta mahali penye malipo kwa halmashauri. Hiyo namba iandike kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

Tahadhari mbili. Ripoti huzungumzia mwaka wa fedha uliopita, wakati mwingine miwili nyuma, kwa hiyo usiipeleke kijijini ukasema “mwaka huu”. Na kampuni ndogo hazimo, maana ripoti inaweka kiwango cha chini cha malipo. Kama machimbo yenu ni ya leseni ndogo, ripoti haitawasaidia. Nendeni kwenye soko la madini na ofisi ya Afisa Madini Mkazi, mkaulizie takwimu za mauzo.

Namba nyekundu mkiipata, ilinganisheni na makusanyo ya ndani ya halmashauri ya mwaka ule ule. Taarifa za mapato husomwa kwenye Baraza la Madiwani kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuingia akakaa kimya akasikiliza. Vaeni vizuri, fikeni mapema, kaeni viti vya nyuma. Diwani akikuona umekuja mara tatu, ya nne atakupa nakala bila kuandikiwa barua.

Sheria hiyo ya 2015 inataka pia mikataba, leseni na majina ya watu walio nyuma ya kampuni yawekwe wazi. Mikataba ndiyo deni ambalo asasi zimekuwa zikilidai tangu sheria ilipopita, na kwa maoni yangu tusiliache hata kama wengine wamechoka kulisikia.

Tenki la zahanati

Sasa swali la tatu la mzee, kimetufikia nini. Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuchangia jamii, akubaliane na halmashauri, na halmashauri isimamie utekelezaji. Watumishi wanauita CSR. Kijijini wanauita “zile za mgodi”.

Nitasimulia lililonipata, bila kutaja kijiji wala kampuni. Tulipata nakala ya mpango. Ndani yake: ukarabati wa zahanati, vyumba viwili, na tenki la maji la lita 10,000. Tukapanda basi pale Nanenane, tukashuka, tukamalizia kwa bodaboda. Zahanati ipo, imepakwa rangi, kibao cha kampuni kinang'aa mlangoni. Nikazunguka nyuma. Tenki jeusi limekaa juu ya msingi wa mawe, na tumboni pameandikwa kwa herufi kubwa: 5,000. Nikasoma kwa sauti. Muuguzi akacheka, akasema, “Mama, hata hilo likijaa tunashukuru.” Bomba lilikuwa na kufuli, ufunguo unao yeye, shingoni, kwa uzi wa viatu.

Nilipiga picha kumi na moja. Njiani narudi nilikuwa tayari nimeshamtungia mwandishi wa habari kichwa cha habari. Kijana wetu mmoja ndiye aliyeniambia, “Shangazi, tumuulize kwanza afisa mipango.” Nikanuna, lakini nikakubali.

Afisa mipango alifungua faili. Mpango ulifanyiwa mapitio katikati ya mwaka: tenki lilipunguzwa, fedha iliyobaki ikanunua umeme wa jua wa chumba cha kujifungulia. Nikarudia picha zangu moja moja. Kwenye picha ya saba, juu ya bati, paneli mbili zinaonekana wazi. Nilikuwa nimesimama chini yake. Sikuinua macho, maana nilikwenda kutafuta tenki.

Wizi haukuwepo. Kosa lilikuwepo: hakuna mtu wa kijijini aliyeambiwa, hakuna muhtasari wa serikali ya kijiji unaotaja mabadiliko, na mwenyekiti alikuwa bado anaahidi watu lita 10,000 kwenye mikutano. Hilo ndilo tulilolipeleka, kwa maandishi, na ndilo lililobadilika. Mapitio ya mpango sasa yanasomwa kijijini kabla ya kusainiwa. Kama ningemtangulia afisa kwa gazeti, tungepoteza ile ofisi kwa miaka mitatu, na kwa haki kabisa.

Kwa hiyo mkienda kukagua mradi: chukueni mpango wa awali, ulizeni kama kuna mapitio, pimeni kwa futi ya fundi, pigeni picha pande zote na juu, zungumzeni na mtumiaji wa kila siku kabla ya kiongozi. Andikeni mlichokiona na mlichoambiwa kwenye kurasa mbili tofauti.

Barua na siku thelathini

Mkinyimwa nakala kwa mdomo, msigombane mapokezini. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa mamlaka ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua yetu ni fupi kuliko orodha ya sokoni:

“Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya ______.
YAH: OMBI LA TAARIFA
Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni raia wa Tanzania, mkazi wa kijiji cha ______. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba nakala ya mpango wa mchango kwa jamii wa kampuni ya ______ kwa mwaka wa fedha ______, pamoja na mapitio yake kama yapo, na kiasi cha ushuru wa huduma kilichopokelewa kutoka kampuni hiyo mwaka huo.
Nipo tayari kulipia gharama za kunakili.
Wako katika ujenzi wa Taifa, ______.”

Iombwe na mtu, kwa jina lake, kwa sababu haki hiyo ni ya raia. Taja hati na mwaka. Ukiomba “taarifa zote za mgodi” umempa karani sababu ya kukuzungusha. Peleka nakala mbili, ya kwako igongwe mhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe. Bila mhuri, siku 30 hazina pa kuanzia kuhesabiwa. Zikipita kimya au ukikataliwa, omba mapitio kwa mkuu wa taasisi, na baada ya hapo kuna rufaa kwa Waziri. Sisi hatujawahi kufika kwa Waziri. Mara nyingi barua ya pili inayotaja ya kwanza kwa tarehe inatosha.

Kurudisha kijijini

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi kusomwa. Ombeni dakika ishirini kwenye ajenda, siku kadhaa kabla, kwa mwenyekiti na mtendaji. Waonyesheni namba mapema. Kumvizia mwenyekiti hadharani kunapendeza siku hiyo moja tu. Mkutano unaofuata hamtaitwa.

Muda wake ni wa kuulizwa kwa akina mama. Kijiji ambacho maji yanachotwa asubuhi na foleni inaisha saa tano, mkutano wa saa tatu ni mkutano wa wanaume. Lugha iwe ya watu: Kigogo Bahi, Kirangi Kondoa, Kinyaturu Ikungi, hata kama ni kwa mkalimani. Na posho msiahidi. Tulianza kwa kutoa soda, mkutano wa tatu tukaulizwa mbona leo ni maji.

Wapo watakaowaita wapinga maendeleo. Nami huwa najibu kwamba nimekaa upande wa keshia miaka mingi, na sijawahi kuona mlipaji mwaminifu akichukia risiti.

Bomba la mafuta, kwa kifupi

Wenzetu wa Kondoa na Chemba wana jambo tofauti. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 ziko Tanzania, katika mikoa minane, Singida na Dodoma ikiwemo. Hisa ni za TotalEnergies asilimia 62, kampuni ya mafuta ya Uganda 15, shirika letu la mafuta, TPDC, 15 na CNOOC ya China 8. Mafuta si yetu, yanapita. Kwa mkulima wa alizeti swali halisi ni fidia.

Kazi ya kikundi hapa ni ya nyumba kwa nyumba. Soma fomu ya uthamini pamoja na familia, mstari kwa mstari: thamani ya ardhi, mazao na majengo, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi. Hakikisha mke anajua kilichosainiwa na akaunti iliyoandikwa. Hakikisha tarehe ya uthamini na tarehe ya malipo zimeandikwa mahali, kwa sababu kuchelewa kuna riba yake kisheria. Kila familia ibaki na nakala yake. Nimekutana na mama aliyekuwa na picha ya fomu kwenye simu ya mwanawe aliye Dar es Salaam, na simu imeibiwa Kariakoo.

Faida ya kuwa Dodoma

Sisi wa hapa Bunge liko kwetu, nauli ya daladala. Muswada unaohusu madini au gesi ukifika kamati, wadau hualikwa kutoa maoni, na mwaliko unaweza kuja leo kikao ni keshokutwa. Julai 2015 miswada mitatu, wa mafuta, wa mapato ya mafuta na gesi, na ule wa uwazi, ilipita kwa hati ya dharura. 2017 ikawa hivyo tena kwa sheria za rasilimali. Aliyekuwa hajajiandaa alipeleka malalamiko. Aliyekuwa na daftari la namba alipeleka kifungu mbadala.

Wekeni kurasa mbili tayari wakati wote: ukurasa wa kwanza mlichokiona kijijini kwa namba, wa pili neno kwa neno kifungu mnachotaka kibadilike kisomekeje. Mbunge hasomi kurasa kumi na nne. Nami nilizowahi kumpa mtu kumi na nne nimeshawaambia zilivyoishia. Ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, nazo zikiwasilishwa bungeni kila Aprili, someni sehemu ya serikali za mitaa na mtafute jina la halmashauri yenu. Mkiweza, jiungeni na wengine kupitia HAKIRASILIMALI, mtandao wa asasi zinazofuatilia uziduaji, na mwende kwenye Jukwaa la Uziduaji, mahali ambapo mtu wa kijijini anaweza kumuuliza mtu wa wizara swali ana kwa ana.

Vitabu vyetu

Kuna siku msimamizi wa kampuni fulani alitupa gari la kwenda machimboni, chakula cha mchana na fulana. Wali ulikuwa mzuri. Fulana zilikuwa na nembo. Kwenye mkutano uliofuata kijana mmoja aliniuliza, mbele ya watu wote, mimi ni wa upande gani, nami nilikuwa nimeivaa. Tangu hapo gari la anayekaguliwa hatupandi, na kama hakuna njia nyingine tunaandika kwenye ripoti kwamba tulipanda.

Msajili ana haki ya kuona hesabu za asasi zetu, na mfadhili vilevile, lakini wanakijiji ndio wa kwanza kuuliza. Sisi tunabandika yetu kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji tunakofanya kazi: nauli, kunakili, maji ya kunywa, jumla. Karatasi huwa zinachanwa na watoto, tunabandika nyingine.

Na nyaraka ziwekwe nakala tatu: moja kwenye simu, moja kwetu mjini, moja kijijini. Ya kijijini isikae sakafuni wala kwenye kabati la mbao, mchwa wa huku hawana adabu. Bahi inakaa kwa yule mzee wa fimbo, ndani ya debe la bati lenye mfuniko, juu ya dari, pembeni ya mbegu za uwele. Ukitaka kuisoma anakudai usaini kwanza.